Saa ya Meli

Baharini, Jumamosi, saa tisa alasiri kwa saa ya meli

Dada yangu Marlys,

Salamu kwako, kwa Arne, na kwa watoto wote wawili huko Fargo. Natumaini kikohozi cha Kirsten kimepungua, na kwamba barabara ya kurudi kwenu haitakuwa na barafu kama ile uliyoipita ulipokuja. Mimi mwili wangu hauna shida. Nimeungua jua mabegani, nimenenepa kidogo, na wiki hii nimelala kuliko nilivyolala mwaka mzima uliopita. Nakutajia afya yangu kwa sababu ndivyo barua inavyopaswa kuanza, na pia kwa sababu nataka ujue mapema jinsi ninavyoona haya kuwa mzima.

Jana uliniandikia nisikutafute, na kwamba nikiwa na la kusema niliandike. Basi naandika. Nimekaa katika maktaba ya meli, ambamo mzee mmoja amesinzia juu ya fumbo la picha la vipande elfu moja. Juu yetu, bwawani, kuna mashindano ya wanaume wenye vitambi kujitupa majini kwa tumbo, na kila anayejitupa hushangiliwa kana kwamba ameokoa mtu. Nina hasira, Marlys. Nimekwisha chana karatasi mbili kabla ya hii. Nitajitahidi kuandika kwa utaratibu, kama nilivyowadai wanafunzi wangu wa historia kwa miaka ishirini na sita, nikitenganisha ninalolijua na ninalolidhani.

Ninalolijua la kwanza ni hili: ujumbe ulioupokea Jumatano kutoka kwenye simu yangu, na ule uliofuata Alhamisi, sikuandika mimi. Aliyeandika ni Dale.

Utauliza inawezekanaje mume akaandika kwa simu ya mkewe siku tatu na mwenyewe asijue. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Ya pili ni ngumu zaidi, nami nimeiweka mwishoni. Nakuomba usiache kusoma kabla hujaifikia.

Unakumbuka tulivyoagana. Ulikuwa umesimama barazani kwa Mama, koleo la theluji mkononi, ukaniambia niondoke kabla hujabadili mawazo. Kwa miezi kumi na moja nilikuwa nimelala kwenye kochi lile la kijani nje ya chumba chake, na wewe ulikuwa umeacha watoto wako ili nipate wiki moja ya kulala kitandani. Tulikubaliana kwamba hutanipigia kwa ajili ya supu aliyoikataa wala dawa aliyoitema. Ila ukipiga mara tatu mfululizo, nitajua ni lenyewe, mwisho wake. Nami nilikuahidi kwamba kila jioni nitaitazama simu.

Kuzifungia simu katika sefu ya chumbani lilikuwa wazo langu, si la Dale. Nilimwambia kwamba tukibaki nazo mikononi tutakuwa kwetu Duluth tu, ila penye minazi. Tukazima milio, tukaziweka pamoja na hereni zangu na pasi zetu za kusafiria, na namba ya siri tukaweka mwaka tuliooana. Jumapili nilitazama, hakukuwa na kitu. Jumatatu tulikuwa bahari kuu, mtandao haukuwapo. Jumanne tulitia nanga Cozumel. Ya Jumanne nitayasema.

Sitakudanganya kwamba siku zile zilikuwa mbaya. Zilikuwa nzuri, na hilo ni sehemu ya hasira yangu. Tuliamka tulipotaka. Tulilala kwenye viti vya sitahani tukiwa tumejifunika nyuso kwa kofia, tukila matikiti yaliyokatwa na mtu mwingine. Kila tuliporudi chumbani tulimkuta mnyama mpya aliyekunjwa kwa taulo juu ya kitanda: kasa, nyani, tembo. Kwenye sakafu ya lifti kuna zulia lililofumwa jina la siku, nalo hubadilishwa kila siku, kwa kuwa watu humu husahau. Dale alilipenda sana zulia hilo. Unamjua: mtu aliyeendesha treni za madini ya chuma hadi gatini kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kuchelewa, aliyepewa saa ya mkononi siku ya kustaafu na huivua kuoga tu. Alikuwa akiingia kwenye lifti, anatazama chini, kisha ananitangazia siku kwa sauti ya mkuu wa stesheni.

Mezani tulipangiwa mume na mke kutoka Toledo, Gus na Rhonda Petrakis. Gus alikuwa fundi bomba. Rhonda, jioni ya kwanza kabisa, alitaka kujua kati yetu ni nani anayekoroma, ili ajue wa kumwonea huruma. Nilimpenda. Alinifanya nicheke hadi nikajisikia aibu, kisha nikazoea. Lakini Alhamisi nilimwona amebadilika. Alinishika mkono juu ya meza akakaa nao, akanisogezea kamba-koche wake akisema, “Kula, mpenzi, kula tu, mwili nao unahitaji nguvu.” Gus, ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili, alikuwa anatazama chumvi. Nilidhani wamegombana wao kwa wao.

Sasa nije kwenye Ijumaa, siku tuliyofika Roatán.

Asubuhi ile walitangaza mara tatu kwamba kisiwa kile kiko nyuma yetu kwa saa moja, kwamba simu zetu zitajibadilisha zenyewe na kutudanganya, na kwamba kila mtu awe ndani saa tisa na nusu alasiri kwa saa ya meli. Dale alisema anakwenda kuogelea kwa miwani ya majini kutazama samaki. Saa yake aliiacha mezani kwa ajili ya maji ya chumvi. Mimi nilibaki na kitabu.

Kila bandari ina wanaochelewa, na kila meli ina wanaojipanga sitahani kuwazomea. Mimi pia nilikuwa pale, Marlys, na glasi mkononi, katikati ya Gus na Rhonda. Wa kwanza walikuwa vijana wawili wenye mifuko, wakikimbia hadi kiatu kimoja cha msichana kikabaki njiani, na watu wakampigia makofi alipokirudia. Kisha gati likawa tupu. Kisha akatokea mwanamume mmoja, mbali, akitembea. Hakukimbia. Alisimama kutazama ndege. Watu walifurahi kupita kiasi. Mtu nyuma yangu alisema, “Mtazameni huyo, anakuja kama bwana harusi anayesubiriwa.” Gus akauzungushia mdomo viganja akapaza sauti, “Mzee, tembeza miguu, mkeo tumeshampa mtu mwingine.” Yule mwanamume akainua kofia akatupungia, kwa adabu, kama mtu anayerudisha salamu. Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa bado nacheka nilipoitambua kofia.

Alipofika chumbani alikuwa ameudhika. Alisema watu wa meli hii wamerukwa na akili, wanamkokota mtu mzima kwa kiwiko kama mwizi wa kuku, na saa tisa yenyewe bado haijafika. Nikamwambia ni saa kumi. Akaapa kuwa alipolifikia lango ilikuwa saa tisa kasoro dakika nne, alikuwa na nusu saa nzima mkononi, ameangalia mwenyewe.

Nikamuuliza ameangalia wapi.

Saa yake ilikuwa mezani, kati ya mafuta ya jua na tembo wa taulo. Ilionyesha saa kumi na dakika tatu. Saa ya mkononi hubaki ilivyowekwa. Ni simu pekee inayofika nchi ya watu ikajibadilisha yenyewe. Dale alitazama mezani, akanitazama mimi, akakaa kitandani taratibu, na mguu mmoja wa tembo ukafunguka chini yake. Nikafungua mkoba wake. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imezungushiwa soksi, nayo haikuwa ya kwake. Ilikuwa yangu. Bado ilikuwa inafuata saa ya Roatán, ambayo majira haya ya baridi ni saa ya Duluth.

Namba ya kuifungua ni siku aliyozaliwa Mama. Dale aliijua, sikuwahi kumficha. Niliisoma nikiwa nimesimama, huku meli ikiondoka na muziki wa kuaga bandari ukipigwa. Nilisoma kwamba Mama amefariki alfajiri ya Jumatano, saa kumi na moja na robo. Nilisoma ulivyouliza kama ibada iwe Jumamosi au uniwekee hadi Jumatatu. Kisha nikayasoma majibu yangu. “Nimepata habari. Msinisubiri, fanyeni Jumamosi. Mama angetaka hivyo. Nakupenda sana, dada.”

Mimi na wewe hatujaandikiana neno hilo katika miaka hamsini na minne. Sisi huambiana tuangalie kulungu barabarani. Nimekuwa nikijiuliza tangu jana kwa nini hukushtuka. Baadaye nikawaza kwamba pengine ulishtuka, ukadhani hivyo ndivyo mtu anavyoandika akiwa amekunywa kinywaji chenye mwavuli wa karatasi.

Alijitetea. Nitakuandikia utetezi wake kwa haki, ijapokuwa mkono haupendi. Alisema Jumatano asubuhi alifungua sefu achukue pasi yake, akaiona simu inawaka, akaisoma, na Mama alikuwa ameshakufa. Alisema hata ningeondoka dakika ile nisingemkuta. Alisema kwa miezi kumi na moja ameniona nikikonda hadi nikageuka fimbo, na kwamba kabla ya wiki hii mara ya mwisho kunisikia nikicheka ilikuwa wakati wa mavuno. Alitaka niwe na siku nne zaidi za kutojua. Alikuwa amepanga kuniambia Jumapili, uwanja wa ndege, nikiwa nimepumzika. Jana alikwenda nchi kavu kuagiza maua ya kanisani kwa jina langu. Samaki hakuwatazama hata mmoja. Natumaini maua yalifika. Natumaini pia uliyatupa.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Alhamisi, nilipokuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki nikisoma riwaya, aliwaambia Gus na Rhonda, kwa sababu, alisema, lilikuwa linamkaba. Kwa hiyo fundi bomba wa Toledo alimlilia mama yangu kabla yangu. Rhonda amebisha hodi chumbani mara mbili leo. Mara ya pili alizungumza kupitia mlangoni, akisema, “Nilimwambia akuambie, shoga. Nilimwambia huyu mwanamke si mtoto.” Sikumfungulia. Nadhani alisema kweli.

Naweza kusamehe kufichwa. Watu hufichana mambo kwa mapenzi, na mimi mwenyewe nilimficha Mama ukweli wa vipimo vyake vya mwisho. Ninachokosa namna ya kukimeza ni maandishi. Alichukua sauti yangu akaitumia kukuambia wewe, uliyekuwa umeushika mkono wa Mama, kwamba nisisubiriwe. Nilimwambia kwamba kuninyima msiba wangu ni jambo moja, na kuniwakilisha kwenye msiba huo ni jambo jingine. Hajalala chumbani. Nimemwona kwa mbali asubuhi hii, kwenye kiti cha sitaha ya juu, amefunikwa taulo la bluu, saa yake mkononi.

Leo saa sita mchana kwa saa ya meli, yaani saa tano huko, mlipokuwa mnaanza wimbo wa kwanza, nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Kila siku saa hiyo nahodha huzungumza kwenye vipaza sauti. Alitupa salamu, akatutajia mwendo wetu, upepo, na kina cha bahari chini yetu, kilomita tatu na kitu, akatutakia mlo mwema. Watu kwenye ngazi walinipita na sahani. Nilijaribu kuhesabu: sasa mchungaji anasoma, sasa wanashuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, sasa akina mama wanafunua mabakuli ya tambi za kuoka na supu ya mchele-mwitu, na Marlys anasimama mlangoni peke yake kupokea pole za watu wote, na kila mmoja anamuuliza mdogo wake yuko wapi.

Sijui ulijibu nini. Ulikuwa na haki ya kujibu lolote.

Sasa ile sehemu ya pili.

Jumanne, Cozumel. Ulikuwa usiku wa mavazi rasmi. Dale alikuwa bafuni ananyoa, meli bado imefungwa gatini, na mimi nilifungua sefu kuchukua hereni. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Simu ilikuwa inawaka. Lilikuwa jina lako, pembeni yake idadi ya simu ulizopiga, na chini yake ujumbe. Ulikuwa umepiga mara saba.

Tulikubaliana mara tatu.

Sikuufungua ujumbe. Nimeusoma jana tu, na sasa naujua kwa moyo: kwamba Mama anakuuliza nilipo, kwamba bado anasikia, kwamba nikipiga utaiweka simu sikioni mwake. Wakati huo sikuyajua maneno hayo. Lakini nilijua mara saba ni nini. Nimejaribu usiku kucha kujithibitishia kwamba sikujua, kwamba nilidhani ni supu tena, kwamba uchovu ulinifunga macho. Ushahidi hauniruhusu. Mtu asiyejua angeichukua simu akatazama. Mimi niliigeuza, nikailaza kifudifudi, nikachukua hereni, nikafunga. Nilijiambia kesho. Nilitaka jioni moja. Nilivaa hereni zile, nikala, nikacheza na mume wangu hadi miguu ikavimba, na Mama alikuwa hai muda wote huo; tangu nilipoifunga sefu aliishi karibu saa kumi na tatu. Jumatano sikufungua sefu. Alhamisi sikufungua. Hereni nililala nazo, ili nisiwe na sababu ya kuifungua.

Kwa hiyo nilipomkamata Dale kwa saa yake, kwa ustadi ule ambao mwanzoni mwa barua hii bado nilikuwa najivunia kidogo, sijui kama niligundua kitu au nilipata tu mtu wa kukibeba. Sauti niliyompigia ilisikika hadi ukumbini. Aliniacha nimalize. Kisha alisema, bila ukali, kwamba Jumatano alipofungua sefu simu zote mbili zilikuwa mahali pake, ila yangu ilikuwa imelazwa kifudifudi, na yeye hakuilaza hivyo. Alisema, “Corrie, nilidhani umeshaona. Nilidhani umeamua, na huwezi kulisema. Nikalisema mimi.”

Sina hakika kama namwamini. Pengine amelitunga baadaye, kama watu wanavyofanya, kama mimi mwenyewe nilivyokuwa nimeanza kufanya. Lakini aliyelaza simu ni mimi. Na hata kama amesema kweli, sikumtuma aandike. Nimekasirika naye bado, naandika haya nikiwa nimekasirika naye, na nimetambua tu kwamba hasira hii haina mahali pamoja pa kukaa.

Ningeweza kukupelekea barua hii bila ukurasa huu. Ungemchukia Dale, ungenisamehe mimi, na mwezi wa tano tungesimama pamoja kaburini. Nilifikiria hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini tayari umepokea barua mbili za uongo kwa jina langu wiki hii. Ya tatu ingekuwa yangu kweli.

Ardhi yetu sasa ni jiwe, kwa hiyo najua Mama amewekwa kwenye chumba cha majeneza pale makaburini kungoja barafu iyeyuke, kama Baba alivyongojeshwa. Mwezi wa tano watachimba. Siombi kusimama karibu nawe. Naomba kujua siku na saa. Ukiona hilo nalo ni kubwa, nitaelewa, nami sitamuuliza mchungaji kwa siri. Kesho tukifika Fort Lauderdale nitaitia barua hii posta kwa mkono wangu mwenyewe. Simu haitarudi kwenye sefu. Iko mezani mbele yangu hapa, uso juu, mlio umefunguliwa, na nimeirudisha kwenye saa ya Duluth. Ukitaka, piga. Mara moja inatosha.

Nisalimie Arne. Waambie watoto kwamba bibi yao alikuwa akiwauliza kila asubuhi, hata siku alizokuwa ameyasahau majina yao. Na kama barua hii itakukuta hujaondoka kwenda Fargo, usiondoke jioni. Endesha polepole, Marlys, na uangalie kulungu barabarani.

Mdogo wako,
Corinne